Tulichotoa na tulichokata: shajara ya mradi wa uwajibikaji kwa jamii katika benki ya akiba

Mimi ni ofisa wa amana katika benki ya akiba. Mwaka huu nimekabidhiwa mradi wa uwajibikaji kwa jamii pamoja na wenzangu watatu: mmoja wa masoko, mmoja wa sheria, na mkaguzi wa ndani ambaye anaketi kama mtazamaji. Naandika haya kwa sababu waliotutangulia walituachia picha tu. Atakayetaka kuiga, aige na makosa yetu akiyajua.

Kuhusu gharama: bajeti nzima nimeigawa mafungu 100, ili mwenye benki kubwa na mwenye benki ndogo aweze kulinganisha na yake. Mpango wa awali ulikuwa hivi: akiba shuleni 45, ruzuku kwa vikundi na vituo 30, matangazo na hafla 15, dharura 10.

15 Januari 2024: Kabati la picha

Siku ya kwanza nilifungua kabati. Ndani mlikuwa na bahasha sita za picha, hundi mbili za kadibodi ndefu kama mlango, na mkasi wa kukatia utepe ambao haujawahi kutoka kwenye boksi lake. Orodha ya waliopewa misaada kwa miaka mitatu ilikuwa na majina 11. Tulipiga simu kote, saba wakapokea. Watatu kati ya hao walisema tangu siku ya picha hakuna aliyewauliza tena. Kituo kimoja kilipewa tenki la kuvunia maji ya mvua, lakini paa lake halina mifereji. Tenki limekaa pale miaka miwili, kavu, nembo yetu ikitazama barabara.

Mifereji tumenunua (mafungu 2, kwenye ruzuku). Tukaweka na sharti moja: msaada hautoki bila tarehe ya kurudi kuuangalia, na tarehe hiyo inaandikwa kwenye fomu ileile ya malipo. Ikiandikwa kwenye karatasi nyingine, itapotea.

6 Februari: Neno "tumethibitishwa"

Mwenzetu wa masoko alileta rasimu ya ukurasa wa ripoti ya mwaka: "Benki yetu imethibitishwa kwa kiwango cha ISO 26000." Nikamuuliza tulikaguliwa lini. Hatukukaguliwa. Wala isingewezekana: ISO 26000, uliotolewa mwaka 2010 na shirika la kimataifa la viwango (ISO), ni mwongozo tu wa uwajibikaji kwa jamii. Hauna masharti ya kukaguliwa na haukutungwa ili watu wapewe vyeti. Benki inayotangaza cheti chake inatangaza kwamba haijausoma. Tukaifuta sentensi, tukakaa chini kuusoma.

Mwongozo unagawa uwajibikaji katika maeneo saba: utawala wa taasisi, haki za binadamu, ajira na kazi, mazingira, haki katika kuendesha shughuli, masuala ya wateja, na ushiriki katika jamii na maendeleo yake. Tulichora safu saba ubaoni, tukaanza kubandika kila fungu la bajeti chini ya safu yake. Yote 100 yakaangukia safu ya saba. Mkaguzi wetu, ambaye si msemaji, akaegemea kiti na kusema, "Hizo sita nyingine basi ni za benki ya jirani."

Tulicheka, tukaendelea na ajenda. Kicheko hicho tulikuja kukilipia mwezi Julai.

11 Machi: Akiba shuleni, jaribio la kwanza

Barua kwa shule, ruhusa na mikutano ya wazazi vilichukua wiki tano. Sina la kueleza hapo zaidi ya kusema: anza mapema.

Kilichoshindikana ni ukusanyaji. Tulidhani mwalimu wa darasa anaweza kupokea akiba za watoto, kuandika daftarini na kutuletea bahasha Ijumaa. Tulijaribu na darasa moja la watoto 41. Wiki ya kwanza hesabu ilikaa sawa. Ya pili pia ilikaa sawa, na hapo ndipo palipokuwa na tatizo, maana wiki iliyofuata mwalimu alinivuta pembeni na kuniambia kwa aibu kwamba upungufu aliuziba kutoka mfukoni mwake. Watoto wawili walimwambia "nitaleta kesho", naye akawa ameshaweka alama ya vema. Asingesema, tungeandika kwenye ripoti kwamba utaratibu umefaulu.

Marekebisho: mwalimu haigusi fedha kabisa. Ofisa wetu anafika shuleni kila baada ya wiki mbili, anahesabu mbele ya mtoto mwenyewe, anaandika stakabadhi ya nakala mbili na kugonga muhuri kwenye kitabu cha akiba. Mwalimu wa zamu anasaini jumla ya siku tu, haoni nani kaweka kiasi gani. Muda na usafiri wa maofisa wawili kwa mwaka ni mafungu 19. Ndiyo gharama kubwa kuliko zote katika mradi huu na kila mwenye bajeti atatamani kuipunguza. Msikubali.

22 Aprili: Kufungua akaunti

Shule nne, akaunti 312. Mzazi au mlezi anasaini, kitabu anashika mtoto. Kwenye kipeperushi tuliandika kwa herufi kubwa: HAKUNA KIWANGO CHA CHINI. Kumbukeni maneno hayo.

17 Juni: Kujitolea kwa lazima

Juzi Jumamosi tulikuwa na siku ya kujitolea kupaka rangi madarasa. Tangazo lilisema: "Wafanyakazi wote mnaalikwa kujitolea. Mahudhurio yataandikwa." Walifika 38, wengi wamenuna. Mhudumu mmoja wa dirishani alinipokonya brashi akasema, "Dada, mimi nilijitolea Jumatatu mpaka Ijumaa. Leo nimeletwa."

Alikuwa sahihi, na rangi yenyewe ikatuaibisha. Hakuna aliyekwangua kuta kwanza, kwa hiyo leo asubuhi mwalimu mkuu ametutumia picha ya rangi ikibanduka vipande vipande. Itabidi fundi airudie (rangi na fundi, mafungu 4). Kuanzia sasa anayejitolea ni anayetaka, ndani ya saa za kazi, na kwa kazi tunayoiweza: kukaa na watu na kuwasomea mkataba wa mkopo mstari kwa mstari, kujaza fomu, kusoma kitabu cha akiba. Kuta tuwaachie wenye fani yao.

9 Julai: Kitabu cha mtoto

Nilikuwa dirishani nikimsaidia mwenzangu aliyekuwa na udhuru. Mama mmoja alikuja na binti yake wa miaka kama tisa, akapitisha kitabu cha akiba chini ya kioo, kimefunguliwa ukurasa wa kwanza. "Dada, nisaidie kusoma hapa." Kulikuwa na amana sita, kila moja na muhuri wetu. Pembeni mtu alikuwa amezijumlisha kwa penseli, na jumla hiyo ilikuwa sahihi. Salio lililochapwa chini lilikuwa dogo kuliko jumla ya penseli. Katikati ya amana kulikuwa na mistari minne iliyoandikwa ADA MZ na AD CH SAL.

Mama akaongeza kwa sauti ya chini, ili mtoto asisikie: "Ananiuliza kama nimezichukua mimi."

ADA MZ ni ada ya mwezi. AD CH SAL ni adhabu ya salio kuwa chini ya kiwango. Hakuna mtu aliyezaliwa na mwanamke anayeweza kuvisoma vifupisho hivyo bila mtu wa benki kando yake. Wakati wa kufungua akaunti za watoto, mfumo ulitaka zipewe aina ya akaunti, na aliyeziingiza alichagua "akiba ya kawaida" kwa kuwa aina nyingine haikuwepo. Aliyeziingiza ni mimi. Akiba ya kawaida ina ada, na ina kiwango cha chini cha salio ambacho mtoto wa shule asingekifikia hata kwa miaka miwili. Mwezi wa kwanza husamehewa, hivyo makato yalianza mwisho wa Mei. Mwisho wa Juni yakaja tena. Katika amana sita za yule binti, mbili na ushei zilikuwa zimekwenda.

Jioni tulitoa orodha. Akaunti zilizokatwa: 312 kati ya 312.

1 Agosti: Marekebisho yaliyorudi nyuma

Watu wa TEHAMA walirudisha makato kwa mkono tarehe 12 Julai, akaunti moja baada ya nyingine, siku mbili za kazi. Tukapongezana. Usiku wa jana mfumo ulifunga mwezi na kukata upya akaunti zote 312. Tulikuwa tumefuta matokeo na kuacha sababu pale pale.

Kwa anayeiga: kabla ya kufungua akaunti ya kwanza ya mtoto, fungua akaunti moja ya majaribio, weka amana ndogo, kisha waambie TEHAMA waendeshe ufungaji wa mwezi mara tatu mfululizo kwenye mfumo wa majaribio. Ni kazi ya asubuhi moja. Sisi hatukuifanya, na imetula wiki kadhaa.

16 Agosti: Marekebisho yaliyokaa

Mtengenezaji wa mfumo ametuundia aina mpya ya akaunti: ada sifuri, kiwango cha chini sifuri, riba ileile ya wakubwa. Bei yake ni mafungu 9 kutoka dharura. Kuhamisha akaunti kumebadilisha namba zake, jambo ambalo hatukuambiwa mapema wala hatukuuliza, kwa hiyo vitabu vyote vimechapwa upya (mafungu 6). Vifupisho navyo vimekufa. Kitabu kipya kinaandika "umeweka", "umetoa" na "riba uliyopata".

Mabishano mawili ya kipindi hiki nayaandika kwa urefu kidogo, kwa sababu yatawapata na ninyi.

La kwanza: fedha za kuwarudishia watoto zitoke wapi? Pendekezo lililokuja mezani lilikuwa zitoke kwenye bajeti yetu ya jamii, na zihesabiwe kama mchango. Nilikataa kusaini. Ukichukua cha mtu kisha ukamrudishia, hujamsaidia. Makato yaliingia kwenye mapato ya ada, basi yarudi kwa mlango huohuo. Mwenzetu wa sheria aliniunga mkono kwa kuuliza swali moja tu: katika ripoti ya mwaka, mstari huo tungeuitaje? Hakuna aliyepata jina la kuusemea hadharani. Zimerudi kutoka mapato ya ada, pamoja na riba ya muda zilipokuwa kwetu.

La pili: barua kwa wazazi. Rasimu ya kwanza ilianza hivi: "Tunapenda kuwafahamisha wateja wetu wapendwa kuwa kutokana na changamoto za kimfumo zilizojitokeza..." Neno changamoto limebeba mizigo mingi isiyo yake, na huu ulikuwa mmojawapo. Barua iliyotoka ina mistari minne. Inaanza: "Tulikata fedha za mtoto wako kwa makosa yetu. Tumezirudisha zote." Chini yake kuna kiasi kilichokatwa, kiasi kilichorudishwa, na jina la tawi la kuuliza. Mkurugenzi aliisoma mara mbili, akauliza kama lazima tuseme "makosa yetu". Mkaguzi akamjibu kwamba tungeweza kuandika makosa ya watoto. Akasaini.

12 Septemba: Hesabu ya wakubwa

Mkaguzi alileta karatasi moja kwenye kikao. Alisema Kanuni za Benki Zinazowajibika, zilizozinduliwa New York Septemba 2019 chini ya Umoja wa Mataifa, zinaitaka benki ipime athari za huduma zake yenyewe, njema na mbaya. Basi na yeye amepima moja. Amechukua adhabu ya salio la chini kwa wateja wote wa kawaida, wakubwa kwa wadogo, kwa miezi 12 iliyopita. Amejumlisha, kisha amegawa kwa kipimo chetu cha mafungu.

Yalikuwa mafungu 84.

Maana yake kila tulipotoa 100 kwa jamii, tulikuwa tumeshachukua 84 kutoka kwa wateja wenye akaunti ndogo kuliko zote, kwa kosa la kuwa na akaunti ndogo. Nikakumbuka safu zile saba. Safu ya sita, masuala ya wateja, ilikuwa bado haijafutwa pembeni mwa ubao, na chini yake hakuna kitu.

Mkuu wa fedha si mtu mbaya, na hoja yake niiandike kwa haki. Akaunti yenye salio dogo inagharimu karibu sawa na yenye salio kubwa: kuna mfumo, ukaguzi, mhudumu dirishani, karatasi. Mapato hayo yakiondoka, pengo litazibwa na nani? Nilimjibu kwa historia. Mchungaji Henry Duncan alipoanzisha benki yake ya akiba kijijini Ruthwell, Scotland, mwaka 1810, mtu alifungua akaunti kwa peni sita, wakati benki kubwa za huko zilitaka pauni 10. Benki za akiba zilizaliwa kwa ajili ya mtu asiyefikia kiwango cha chini. Sisi tumemwekea kiwango, tukamtoza adhabu, kisha tukapiga picha tukimpa dawati. Mkuu wa fedha alisema Duncan hakuwa na leseni ya mfumo ya kulipia kila mwaka. Hilo nalo ni kweli.

Bodi imeamua nusu. Adhabu ya salio la chini inafutwa kwa akaunti zote za akiba za watu binafsi kuanzia 1 Oktoba. Ada ya mwezi itajadiliwa Machi, baada ya kuona pengo halisi. Sikupata nilichoomba chote, lakini nilichopata kinazidi kila kilichomo kwenye kabati lile la picha.

31 Oktoba: Siku ya Akiba Duniani

Siku hii ilitokana na mkutano wa kimataifa wa benki za akiba uliofanyika Milano mwaka 1924, kwa hiyo mwaka huu umetimia wa 100 tangu mkutano huo. Masoko walitaka jukwaa, muziki na hundi ya kadibodi. Tukaishia na maofisa kukaa uani shuleni na kila mtoto kusoma kitabu chake mwenyewe kwa sauti ndogo.

Kosa lilikuwepo hata hivyo. Picha ya kwanza iliyorushwa ilionyesha watoto watatu wameinua vitabu vilivyofunguliwa: majina, namba za akaunti, masalio. Mmoja alikuwa na salio dogo kuliko wenzake, na picha hiyo ilimsema. Tuliiondoa baada ya dakika 50, tukawapigia wazazi wote watatu. Sasa vitabu vinafungwa kabla ya kamera kutolewa, na idhini ya mzazi inasainiwa kwa kila hafla, si mara moja kwa mwaka. Gharama ya matangazo na hafla kwa mwaka mzima: mafungu 4 badala ya 15.

20 Novemba: Ruzuku

Fomu yetu ya maombi ilikuwa na kurasa 14. Waliofaulu kuijaza ni wale wanaoajiri mtu wa kujaza fomu. Tumeifanya ukurasa mmoja, na palipokuwa na maswali ya maandishi tumeweka ziara ya saa moja. Vikundi 6 vimepewa, mafungu 25. Tenki lile sasa lina maji.

18 Desemba: Kufunga hesabu

Akiba shuleni: 52, yaani maofisa 19, vitabu, stakabadhi na mikutano 23, kuchapa upya 6, rangi 4. Ruzuku: 27, mifereji ikiwemo. Matangazo na hafla: 4. Dharura: 9. Yamebaki mafungu 8, na nimeomba yavuke mwaka yakalipie maofisa wa shuleni.

Pengo la adhabu iliyofutwa, kwa miezi miwili na nusu, mkuu wa fedha ameniletea mwenyewe mezani. Ni dogo kuliko alivyohofia na kubwa kuliko nilivyoahidi. Atalipeleka Machi, nami nitapeleka orodha ya akaunti zilizokuwa zimelala na sasa zinaweka tena.

Kati ya vitabu 312 vilivyochapwa upya, 23 bado vimo kwenye droo yangu. Simu za wazazi hazipatikani, au watoto wamehama shule. Fedha zao zipo, zimerudishwa, zinapata riba. Wao hawajui. Kazi ya Januari ni kwenda shule kwa shule na majina hayo 23. Shule mbili nimeshazipangia siku.